Mwalimu Pipi na Swali la Mgeni

Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu, ni mwalimu wa darasa la saba, na wanafunzi wake humwita Mwalimu Pipi. Jina hilo walimpa kwa mapenzi, nalo limemkaa kuliko lile alilopewa na wazazi. Nataka kueleza alivyolipata na lilivyokuja kumchoma. Na nisiwafiche tangu mwanzo. Darasani kwake palikuwa na msichana aliyefiwa na mama yake, na mdogo wangu anaamini kwamba lau yeye mwenyewe angefungua mdomo siku moja, kwa swali moja tu, huenda mama yule angekuwa hai. Kama ni kweli, ajuaye ni Mungu. Mimi nasimulia niliyoyaona, na mengine aliyonieleza mwenyewe, maana nyumba zetu zinatazamana na chai ya jioni huinywea kwangu.

Tulilelewa na baba mkali, Mungu amrehemu. Kwetu mkubwa akisema, mdogo hunyamaza. Sisi wengine tulinyamaza. Yeye hakuweza. "Kwa nini mwezi unatufuata?" "Kwa nini bibi akikosea hapigwi, sisi tukikosea tunapigwa?" Kwa hilo la pili alishindwa kukaa kitako mpaka kesho yake. Shuleni nako akakuta mambo yale yale, fimbo ikabadilisha mkono tu. Alikuwa akija kulia kwangu jikoni, naye hakulilia maumivu. "Dada," alikuwa akisema, "amenipiga, na bado hajanijibu."

Akakua, akawa mwalimu. Miaka ya mwanzo alifundisha kama walimu wake walivyomfundisha, yeye anasema na wao wanaandika. Alisema mpaka koo likamkauka. Baridi ya mwaka mmoja ikamletea kikohozi kisichosikia dawa, nikampa pipi za mnanaa za kulainisha koo. Akaingia darasani na moja mdomoni, akaandika swali ubaoni, akataka kulieleza, akashindwa. Pipi yenyewe kubwa, na kuitema mbele ya watoto ni aibu. Akasubiri iyeyuke. Watoto nao wakasubiri. Mara mmoja akamwambia jirani yake, "Mimi nadhani anamaanisha hivi." Jirani akasema, "Wapi! Soma tena." Wa tatu akaingilia, wa nne akageuza kiti. Pipi ilipoisha walikuwa wamefika mbali, na hakuna aliyewashika mkono.

Jioni alikuja kwangu anang'aa kama mtoto aliyenunuliwa viatu.

"Dada, leo nimefundisha kuliko siku zote."

"Umefundisha nini?"

"Sijasema hata neno."

"Basi kazi hiyo nipeni na mimi," nikamwambia. "Kunyamaza nimeanza zamani, nina uzoefu."

Tangu hapo, kila Ijumaa madawati yalisogezwa ukutani na viti vikapangwa duara. Mwanafunzi mmoja alikuwa mwenyekiti, na swali la kujadiliwa alilichagua yeye. Mdogo wangu aliwaambia, "Swali ambalo jibu lake limo kitabuni, mwachieni kitabu. Nileteeni lile linalowakosesha usingizi." Walikuwa na sheria zao. Kabla hujampinga mwenzako, rudia kwanza alichosema mpaka mwenyewe akubali kwamba ndivyo alivyosema. Kila mtoto alishika vizibo viwili vya soda. Ukisema, unaweka kimoja katikati ya duara, na vyako vikiisha, kazi yako inabaki kusikiliza. Hiyo ilikuwa dawa ya wenye midomo isiyojua kufunga. Na mwalimu alikaa nyuma ya duara kwenye kiti kifupi, pipi mdomoni, haruhusiwi kusema mpaka iishe. Sheria hiyo alijiwekea mwenyewe, na watoto waliilinda kuliko amri za mwalimu mkuu. Akijisahau tu akasema "Lakini," darasa zima lilimgeukia: "Pipi, Mwalimu!"

Siku ya wazazi kuja shuleni nami nilikwenda. Baba mmoja, fundi bomba, mtu wa mwili na sauti, alisimama akasema, "Mwalimu, mimi nimemleta mtoto afundishwe. Sikumleta afundishe. Nasikia wao wanahangaika, wewe umekaa unamung'unya pipi!"

Mwanawe alikuwa pale. Ni kijana mwembamba ambaye kwa kupenda hoja wenzake walimwita Wakili. Akanyoosha mkono, mpole kabisa. "Baba, kabla hujampinga, rudia kwanza alichosema."

Watu walicheka mpaka fundi bomba mwenyewe akakaa chini anajifuta machozi. "Haya," akasema, "wamekwisha kuniharibia mtoto. Endelea tu, Mwalimu."

Katika duara hilo alikuwamo msichana mmoja asiyesema. Alihamia pale katikati ya mwaka, wakamwita Mgeni, na ugeni ulipokwisha jina likabaki. Mama yake alikuwa mshonaji wa sare za shule. Sisi tulimwita Mama Cherehani. Walipanga chumba kimoja karibu na shule, mlango wazi siku zote, cherehani mlangoni ili apate mwanga, na vipande vya kitambaa vya bluu vimetapakaa hadi barabarani. Alikuwa mcheshi. Ukipeleka sketi iongezwe, alikuwa akikutazama juu mpaka chini na kusema, "Mwili unashukuru Mungu, kitambaa kinalalamika." Baba wa mtoto hakuwapo. Walikuwa wawili tu, mtu na binti yake, na cherehani.

Kila Ijumaa Mgeni alirudisha vizibo vyake vyote viwili kwenye kopo. Walimu wengine walimshauri mdogo wangu amsimamishe, amtaje kwa jina, amlazimishe. Akakataa. "Mdomo haufunguliwi na mtu wa nje," alisema. "Akiwa tayari atafungua. Mimi kazi yangu kusubiri." Nami nilimpenda kwa subira hiyo. Niliona ni subira ya mtu wa Mungu.

Sasa niwaeleze jambo ambalo wakati ule hakuna wa nje aliyelijua, nasi tulikuja kulisikia baada ya mazishi. Mama Cherehani alikuwa na uvimbe kwenye titi, na uvimbe ule ulikuwa umepasuka ukawa kidonda. Alikifunga kwa vitambaa safi vya mabaki ya sare, akashona juu yake nguo pana, akacheka na wateja. Binti alikigundua siku moja akimsugua mama mgongo. Akapiga kelele. Mama akamziba mdomo. Mama yake mwenyewe Mama Cherehani, yaani bibi wa mtoto, alikuwa na ugonjwa huo huo, akapelekwa hospitali akakatwa, na hakurudi nyumbani. Kwa hiyo akamwapisha mtoto. "Hutamwambia mtu. Hata mama yako mdogo. Ukisema, wewe si mwanangu." Mtoto akaapa. Kuanzia hapo yeye ndiye aliyefua vitambaa vile alfajiri, kabla wapangaji wengine hawajatoka kwenda bombani.

Zamu ya uenyekiti ilipomfikia, wote walijua atasema "Nipite," kama alivyopita mara zilizotangulia. Safari hii alisimama, akavuta kiti cha mwenyekiti.

"Nitaongoza," akasema.

Mdogo wangu alikaribia kuimeza pipi nzima.

Mgeni akaandika swali lake ubaoni, polepole, mgongo kwa wenzake: *Mtu unayempenda amekuapisha utunze siri yake. Sasa unaona siri ile inamdhuru yeye mwenyewe. Uivunje ahadi, au uitunze?*

Duara likawaka moto. Mjadala ule mdogo wangu amenisimulia mara nyingi mno, nami naujua kana kwamba nilikuwamo.

Wakili aliweka kizibo cha kwanza. "Ahadi ni deni. Leo ukivunja ya mtu unayempenda, kesho utavunja ya nani? Hutaaminika tena na mtu."

"Unasema kwamba tukivunja moja, zote zinakosa maana?" akarudia msichana mmoja aliyekaa dirishani.

"Ndivyo nilivyosema."

"Mimi napinga. Mtoto mdogo akikuomba wembe na ukamwahidi, utampa kwa sababu umeahidi?"

"Huyo hana akili bado. Swali linasema mtu unayempenda, halikusema mtoto."

"Umejuaje kwamba mkubwa ana akili?" Darasa likacheka.

Mwingine akauliza siri ni mali ya nani, ya aliyeisema au ya aliyeisikia. Mwingine akasema kuna kunyamaza kwa heshima na kuna kunyamaza kwa woga, na kwa nje vinafanana. Watoto wa darasa la saba hao! Mdogo wangu nyuma yao alikuwa ameshika magoti kwa mikono miwili. Kwa miaka yote ile hakuwahi kusikia fikra zikipandishana ngazi namna ile.

Kisha kijana mmoja mtaratibu, mtoto wa muuguzi, akaweka kizibo chake. "Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kama ni ugonjwa, unasema. Hakuna mjadala."

Wakili akaruka. "Hatuzungumzii maradhi, tunazungumzia siri! Mwenyekiti, huyu anatoka nje ya mada."

Wote wakamtazama Mgeni. Mdogo wangu anasema alimwona anafungua mdomo. Akaufungua, akashika ukingo wa kiti. Halafu akasema, kwa sauti ndogo lakini wazi, "Tuendelee. Turudi kwenye mada."

Naye mwalimu wake akafurahi. Hapo ndipo panapomuua mpaka leo. Alifurahi! Aliona mwenyekiti anayejizuia kuegemea upande, aliona kila kitu alichowafundisha kikifanyika mbele ya macho yake. Alitazama mjadala, mtoto hakumtazama.

Mwisho, kama ilivyo kawaida yao, mwenyekiti akajumlisha. "Tumekubaliana kwamba ahadi ni ahadi," akasema Mgeni. "Lakini mwenye siri aombwe ruhusa. Akikubali, useme. Akikataa, siri ni yake."

Wakampigia makofi. Pipi ilikuwa imekwisha zamani. Mdogo wangu angeweza kusema chochote. Alisimama, akasema, "Hili ndilo swali bora kuliko yote yaliyowahi kuulizwa katika chumba hiki," akampa pipi kama zawadi, na kengele ikalia.

Jioni ile hata chai haikumkalisha. Alitembea jikoni kwangu huku na huku. "Dada, Mgeni kasema! Na kasema nini! Ungemsikia!" Nikamshukuru Mungu pamoja naye. Kwa nini nisishukuru?

Mtoto alikwenda nyumbani akafanya kama walivyokubaliana. Akampa mama ile pipi, akakaa miguuni pake chini ya cherehani, akamwomba ruhusa ya kusema. Mama akamwambia hapana. Akamwomba tena kesho yake. Hapana. Basi siri ilikuwa ya mwenyewe.

Mama Cherehani alianguka juu ya kazi yake, sketi ya mtoto wa watu ikiwa imeshonwa upande mmoja. Majirani wakambeba. Hospitali daktari alipofungua vile vitambaa alisema maneno ambayo madaktari husema, "Mbona mmekaa naye mpaka hali hii? Mngemleta mapema." Wenye kumbeba wakatazamana. Binti alikuwa amesimama kwenye korido, bado na sare. Mama hakumaliza wiki.

Msibani nilikuwepo. Wanawake tulikaa chumbani kwa marehemu, cherehani limefunikwa shuka. Mdogo wangu alikuja na wanafunzi wake. Akamwinamia Mgeni ampe pole, na mtoto akamwambia, bila hasira, kama anayetoa taarifa ya kazi aliyotumwa, "Mwalimu, nilimwomba ruhusa kama tulivyokubaliana. Akakataa."

Mwanzoni hakuelewa. Nilimwona alipoelewa. Alitafuta ukuta kwa mkono. Nikamtoa nje, nikamkalisha kwenye ngazi za nyumba ya jirani. "Alikuwa ananiambia mimi," akasema. "Aliniambia mbele ya darasa zima, kwa chaki, ubaoni. Nami nikampigia makofi."

Nilimwambia Mungu ndiye anayepanga. Nilimwambia ugonjwa ule huenda ulikuwa umekwisha kukomaa. Yote aliyasikia, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza mvua.

Jumatatu iliyofuata madawati yalirudi mistari. Akaanza kuandika notisi ubaoni, watoto wakanakili, hakuna anayesema. Mwalimu mkuu, mama mtu mzima mwenye busara zake, alimwita ofisini akamwambia darasa lake limekuwa kama chumba cha mgonjwa. Akajibu, "Ndiyo, mama," akarudi kuandika. Kopo la vizibo akalisukuma juu ya kabati.

Wakili alimfuata mpaka kwangu. Nilimkuta mlangoni, kichwa chini, yule kijana asiyeishiwa maneno.

"Shikamoo, mama. Mwalimu yupo?"

"Marahaba. Ingia, mwanangu."

Akasimama mbele ya mdogo wangu na kulia kabla hajaanza. "Mwalimu, mimi ndiye niliyesema anatoka nje ya mada. Angeachwa aendelee... mimi ndiye."

Mdogo wangu akamvuta akamkalisha karibu naye. "Sikiliza. Wewe ulitetea hoja yako. Hiyo ndiyo kazi niliyokupa, na uliifanya. Palikuwa na mtu mzima mmoja tu mle chumbani." Kijana alikunywa chai yangu nusu, akaondoka. Yule mtu mzima mmoja alibaki mezani, kikombe chake kimepoa, mpaka nilipomwambia kumeanza giza.

Mama mdogo wa Mgeni alikuja kumchukua mtoto akaishi naye mji mwingine. Mdogo wangu akaniomba nimsindikize kwenda kuaga. Alisema peke yake hataweza. Tukawakuta wanafunga mizigo. Chumba kilikuwa kimefagiliwa, mabaki ya bluu yamejaa kwenye gunia, na gari dogo la mizigo linangoja nje. Mama mdogo, mwanamke mwenye macho yale yale ya marehemu, alitukaribisha kwa heshima kisha akatoka kumwelekeza dereva. Nadhani alitaka kutuachia nafasi.

Mdogo wangu akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mtoto amesimama. Wakawa sawa kwa urefu.

"Nimekuja kukuomba radhi," akasema. "Uliuliza swali, nikalisifu swali. Sikukuuliza wewe una nini. Nilitakiwa kukuuliza."

Mgeni alikuwa akikunja tepu ya kupimia ya mama yake kwenye kidole. Alifikiri. Alikuwa amefundishwa kufikiri kabla ya kujibu.

"Ungeniuliza, nisingesema, Mwalimu," alisema. "Nilikuwa nimeapa."

"Najua, mwanangu."

Akamaliza kuikunja, akaikunjua yote, akaanza upya.

"Lakini ungeniuliza," akasema.

Mimi niligeukia dirisha, nikamwomba Mungu kimoyomoyo, na sijui hata niliomba nini. Mama mdogo akaita kutoka nje kwamba dereva ana haraka, watu wasaidie cherehani. Mdogo wangu akashika upande mmoja, mtoto akashika wa pili, wakalitoa polepole mlangoni, kila mmoja akiangalia mwenzake asijigonge. Dereva akalifunga kamba. Mgeni akapanda karibu na mama yake mdogo. Alitupungia mkono mara moja, kwa adabu, kama anavyopungiwa mtu usiyemjua sana.

Wiki iliyofuata viti vilirudi duara. Hakunieleza kwa nini, nami sikumuuliza. Watoto waliniambia hali pipi tena. Anakaa kwenye kiti kifupi, mdomo mtupu, na hakuna anayethubutu kumkemea. Majadiliano yapo, na wanasema ni mazuri.

Ila mwenyekiti wa siku hiyo haondoki na wenzake kengele ikilia. Mdogo wangu humzuia mlangoni, akainama, akamuuliza, "Swali hili umelitoa wapi? Ni lako?" Wengi hucheka. "Nimelifikiria tu, Mwalimu." Naye haondoki mlangoni. Humtazama usoni na kusubiri, na mtoto hukanyaga mguu huu, akakanyaga huu, macho yakiwa uwanjani kwa wenzake wanaocheza, hajui kwa nini mwalimu wake hamwachi aende.

Jioni huja kwangu, hunywa chai. Hanisimulii tena walichosema.